Karibu, Bi Pelagia

"Mama, Jumanne iliyopita, saa nne na robo asubuhi, ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa nilipokaa. Ukiinua mto huu utakuta na alama."

Mkaguzi hakucheka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Alikuwa ameniamkia kwa adabu, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa, na amekataa chai mara mbili. Jina lake Bwana Sengo, kutoka Mamlaka ya Milango, Dodoma. Mezani alikuwa amefungua Daftari la Nyayo la ofisi yangu, nyumba mia mbili na kumi na mbili za Kihonda, kila moja na watu wake.

"Ni kweli ulikuwa hapa," akasema. "Sakafu ya ofisi imekuandika. Uliingia saa mbili, ukatoka saa kumi. Lakini saa nne na robo hiyo hiyo, nyumba namba arobaini na moja nayo imekuandika unaingia. Saa tano ukatoka. Saa sita ukaingia tena." Akanigeuzia kioo cha daftari nione. "Mama, wewe ni wawili?"

"Ukiniangalia kwa nyuma, ndiyo."

Nilisema hivyo ili mdomo upate kazi.

Zamani dalali alikuwa na vitu viwili, kishada cha funguo na mdomo. Funguo zilimwingiza mahali, mdomo ulimtoa. Mimi nilijua nani anakula ugali mkavu na nani ana mke wa pili ng'ambo ya reli, na nilisema, kwa nini nisiseme. Halafu funguo za chuma zikapigwa marufuku, vikaja vigae vya kizingitini. Kigae kinapima uzito wako, kisigino kinavyotangulia, kidole gumba kinavyoaga, na muda unaopita kati ya mguu na mguu. Viatu vinakichanganya, ndiyo maana siku hizi kila mtu huvua, hata waziri. Mtu akihamia tunamtembeza hatua saba, anaandikwa, na kuanzia hapo mlango unamjua kuliko mama yake.

Madalali wote wa Morogoro tulipelekwa semina siku tatu. Daftari si lako, walituambia, ni la watu. Usimwonyeshe mume nyayo za mke, wala mwenye nyumba nyayo za mpangaji, wala polisi asiye na barua ya hakimu. Mtu akihama, siku tisini, unamfuta. Nilikula chapati zao zote nikapewa cheti. Jambo moja lilinikaa kichwani: dalali ndiye mlezi wa daftari, na hatua ya mlezi inafungua nyumba zote, kwa ajili ya moto au bomba likipasuka. Tena mlezi hafungiwi. Huwezi kumzuia nyumba moja ukamwachia nyingine. Ama anafungua zote, ama unamfuta, na ukimfuta daftari lote linakwenda naye na milango yote inaachia.

"Kifaa nacho hukosea, mwanangu," nikamwambia mkaguzi.

"Hukosea," akakubali, kwa upole ambao sikuupenda. "Basi tukipime. Tembea, Mama. Mpaka mlangoni na kurudi."

*

Arobaini na moja alikuwa Zamda.

Alikuja mwezi wa pili, mvua inanyesha, na mkoba mmoja. Alisimama nje ya kizingiti changu akakataa kuvua viatu. Nikamwambia ndani kuna joto na karanga. Akasema, "Bibi, nikiandikwa leo, kesho yuko mlangoni."

Mumewe alifanya kazi huko huko kwenye milango. Akitaka kujua unyayo fulani umeandikwa wapi, nchi nzima, ilikuwa ni kubonyeza tu. Jina lake hakunitajia, alisema likimtoka mdomoni hapati usingizi. Alinieleza kitu kimoja tu.

"Hapigi kelele, Bibi. Ananisalimu vizuri. Ila akirudi nyumbani anachukua viatu vyangu pale mlangoni, anavipanga sambamba, vidole vinaelekea ukutani. Nikivikuta hivyo najua leo sitoki."

Ningemkataa ningekuwa sawa kisheria. Ningemwandika, ningekuwa sawa zaidi. Nikafikiri nusu siku, nikaona unyayo mmoja tu hapa Kihonda ambao hauna wa kuutafuta, wangu. Nina nyonga ya kushoto niliyoivunja nikiwa darasa la tano, nikishuka kwenye mfenesi wa mapadri kwa haraka ambayo padri mwenyewe aliisababisha. Tangu hapo natembea kama mtu anayeruka kidimbwi kila hatua ya pili.

Siku kumi na moja, ofisi imefungwa kwa chakula cha mchana, tulitembea mimi na yeye ukuta kwa ukuta. Kiunoni tulimfunga mifuko ya mchele, kufidia kilo nilizompita. "Usichechemee," nilikuwa namwambia. "Anayechechemea ni mgonjwa. Wewe jidai." Siku ya kumi na mbili akapanda kizingiti cha arobaini na moja, na mlango ukasema kwa ile sauti yake ya kitawa: Karibu, Bi Pelagia. Tulicheka mpaka mfuko mmoja ukapasuka, tukaokota mchele hadi jioni.

Kosa langu lilikuwa kosa la dalali wa zamani. Ufunguo hauna saa. Unachonga nakala, unampa mtu, anaingia na kutoka, nani atajua. Sikukumbuka kwamba unyayo unaandikwa na saa yake.

*

Nilitembea. Mkaguzi akasema, "Tena." Nikatembea tena. Mara ya tatu akatoka kwenye kiti, akapiga magoti, shavu karibu liguse sakafu, akawa anatazama miguu yangu inavyokuja. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Kilo ngapi, Mama?"

"Mwanangu, hilo hata marehemu mume wangu hakuthubutu kuliuliza."

"Themanini na nne," akajijibu, akisoma kioo. "Tena, tafadhali."

Alinitembeza mara saba. Nilidhani anatafuta uongo wangu, kwa hiyo kila mara nilijitahidi kutembea kwa ukweli zaidi, nisimpe sababu.

"Nyonga ya kushoto," akasema. "Ulianguka?"

"Fenesi lilikuwa juu, mimi nikawa chini."

"Ukitua mguu huo unashikilia kidogo kabla ya kuachia."

"Nashikilia nini?"

"Pumzi."

Alikuwa sahihi. Miaka karibu sitini natembea na nyonga hii, na hakuna aliyewahi kuligundua hilo, hata mimi.

Akarudi kwenye kiti, akakunja mikono. Alikuwa na njia mbili, alisema, na zote ni halali. Ya kwanza: anaandika kwamba daftari langu limechezewa. Analichukua lote kwenda Dodoma, miezi sita, vijana wake wanafungua unyayo mmoja mmoja na kuupima upya. Ya pili: namwambia nani anaishi arobaini na moja. Anaandika kigae kibovu, kigae kinabadilishwa, tunasahau.

"Na huyo wa arobaini na moja?"

"Huyo ni mambo mengine, Mama. Ya kifamilia labda."

Nikafikiria watu wangu. Namba kumi na tisa ni fundi cherehani aliyewataja majambazi mahakamani na bado wanamtafuta. Themanini na nane ni Mzee Lukanda, aliyesahau kila kitu isipokuwa njia ya kwenda kazini reli, kazi aliyoiacha miaka thelathini iliyopita. Binti yake, Mwalimu Eufrasia, akienda shule mlango unamzuia mzee asitoke. Alipotia sahihi aliniambia, "Nakuachia wewe, Bi Pelagia." Watu wa nyumba mia mbili na zaidi, nani analala wapi na nani anatoka saa ngapi, vyote mezani mwa vijana nisiowajua. Au mtu mmoja.

"Nipe mpaka kesho," nikasema.

"Saa tatu. Simu yako nabaki nayo, ni sehemu ya ukaguzi." Akaaga vizuri, akatoka.

Nilikaa mpaka saa kumi nikijifanya nina kazi. Nilipofika mlangoni kuvaa kandambili, nikasimama. Mimi huziacha moja huku, nyingine kule, zimegombana tangu nizinunue. Nilizikuta zimekaa sambamba, vidole vinaelekea ukutani.

Nilirudi nyumbani bila kuzivaa.

*

Sikwenda arobaini na moja. Ningekwenda, yule mume angenifuata na kuingia nyuma yangu mlango ukifunguka. Kumtuma mtu nako kulikuwa kumwongeza mtu wa kujua. Nikajituliza kwa hesabu moja: Zamda yuko ndani. Zile kuta hazipitishi hata sauti ya redio. Mlango ule unamfungulia Pelagia peke yake, na Pelagia ni sisi wawili. Akae ndani tu. Nilijiona mjanja mpaka asubuhi.

Saa tatu ilinikuta ofisini. Nilikuwa nimemwandalia mkaguzi uongo mzuri sana, wenye mwanaume ndani yake na aibu ya kutosha, uongo ambao mtu mwenye adabu hawezi kuuliza zaidi. Saa tatu na dakika ishirini alikuwa hajatokea. Nikaanza kudhani labda Mungu naye ni mtu wa kuchelewesha wakaguzi.

Ubao wa ofisini husema kila mlezi anapoingia nyumba ya mtu. Ni sheria, mlezi asije akajificha. Ukasema:

"Nyumba arobaini na moja. Karibu, Bi Pelagia."

Zamda huyo, nikajisemea, katoka kununua mboga. Kisha mkono wangu wenyewe ukavuta kioo. Pelagia wa arobaini na moja alikuwa ameingia jana saa kumi na mbili jioni, na hakuwa ametoka. Huyu alikuwa mwingine. Kilo themanini na nne kamili, na yule mkaguzi hafiki sabini. Lazima alibeba kitu. Nyonga ya kushoto. Na kwenye mchoro wa hatua, kila mguu wa kushoto ulipotua, palikuwa na kamstari kafupi kabla ya kuachia.

Pumzi.

Hakuwa amekuja kupima daftari langu. Alikuja kujifunza kutembea, na mwalimu alikuwa mimi, mara saba, kwa bidii.

Kutoka ofisini mpaka arobaini na moja, kwa mwendo wangu, ni dakika ishirini na tano. Polisi wakija watasimama nje, mlango haufungui mtu isipokuwa Pelagia, na Pelagia amekwisha ingia. Jirani hatasikia kitu. Palibaki kitu kimoja nilichojifunza semina, na nilikuwa nimekijua tangu ubao ulipotamka jina langu.

Kioo kiliniuliza: Unafuta mlezi?

Ndiyo.

Nyumba 212 zitabaki wazi. Nyayo zote zitapotea. Unaendelea?

Hapo kidole kikasimama hewani. Nilimwona fundi cherehani wa kumi na tisa, mlango unaachia mgongoni mwake. Nilimwona Mzee Lukanda amekaa kitini na kofia yake ya reli, akisikia mlango unafunguka, akisimama kwa furaha kwamba amepewa ruhusa aende kazini. Eufrasia alikuwa darasani wakati huo, anafundisha watoto wa watu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameniambia, Bi Pelagia, fungua.

Ndiyo.

Andika sababu.

Nikaandika: Moto.

*

Kengele ya moto ya Kihonda nzima ni sauti mbaya. Nilitembea ndani yake huku naona milango inaachia kushoto na kulia, na watu wanatoka: mwanaume ana povu la sabuni nusu ya uso, mwanamke kashika mwiko, wengine na taulo tu, wote wanatafuta moshi. Wengi walikuwa hawajawahi kuonana. Walikaa ukuta kwa ukuta miaka minane.

Nje ya arobaini na moja walikuwa kama ishirini. Mlango wazi kabisa. Viatu vya Zamda kizingitini, sambamba, vidole ukutani. Ndani sebuleni, mgongo umegota kwenye kabati, Zamda, shavu limeanza kuvimba. Mbele yake Bwana Sengo, peku, shati limenyooka vile vile, na begi zito limewekwa sakafuni.

Na wale ishirini walikuwa wamesimama nje ya kigae, wanatazama.

Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, nawaambia. Hakuna aliyekuwa mwoga. Walikuwa wanasubiri mlango uwakaribishe. Miaka yote hiyo hakuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake bila sauti ile kumtaja jina, na sasa sauti imekufa, miguu ilikuwa haijui la kufanya.

"Ni mke wangu," Bwana Sengo alikuwa anawaambia, taratibu. "Haya ni mambo ya ndani. Kengele ni hitilafu, nitaiandikia taarifa. Rudini majumbani, tafadhali."

Mwenye povu alianza kugeuka. Mwingine akamfuata.

Nilifika pale pumzi zimeniisha. Nikasimama mbele ya kigae kilichokufa, na neno likanijia ambalo sikuwa nimelitamka tangu funguo zipigwe marufuku, maana nani anabisha hodi kwenye mlango unaojua jina lake.

"Hodi," nikasema.

Bwana Sengo akanitazama, kwanza miguu, kisha uso. "Mama, hapa si pako."

"Sikubisha kwako, baba. Hodi humu ndani."

Zamda aliinua uso. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akatazama kigae. Lile neno lilichukua muda kumtoka. Lilikuwa lake, na nadhani lilikuwa la kwanza kuwa lake kwa muda mrefu.

"Karibu, Bi Pelagia."

Nikavuka. Nyuma yangu, yule mwenye mwiko akasema hodi kwa sauti ndogo, ya mtu anayejaribu lugha ngeni. "Karibu," akasema Zamda. Mwenye taulo akasema hodi. "Karibu." Mwenye povu akarudi. Karibu, karibu, mpaka sebule ile ikajaa watu na harufu ya sabuni na vitunguu, na Bwana Sengo akawa hana pa kuweka mikono yake. Hakuna aliyemgusa. Walikuwa wanamtazama tu, kwa karibu, uso wake wote, wakimweka kichwani.

Alisema samahani. Akapita katikati yao, samahani, samahani, akatoka peku na kuliacha begi. Lilikuwa na vyuma.

Mbali kidogo barabarani nikaona anavyotembea. Alikuwa bado anaruka kidimbwi kila hatua ya pili. Sijui kama alisahau kuuacha mwendo wangu, au alitaka nione kwamba anao.

*

Mzee Lukanda alipatikana siku ya pili, Mkundi, pembeni ya reli, nyayo zimechanika, anauliza kama treni ya saa nane imeshapita. Yu hai. Nilikwenda kumwona. Mwalimu Eufrasia alinipa kiti, akanipa chai, akanitazama mpaka chai ikapoa.

"Ungeniuliza, Bi Pelagia."

"Muda haukuwepo, mwalimu."

"Najua. Lakini hukuniuliza."

Nikainywa ile chai ya baridi mpaka mwisho.

Fundi cherehani wa kumi na tisa amehama, hakuaga, na ndivyo inavyotakiwa. Cheti changu kimefutwa. Bwana Sengo, nasikia, anachunguzwa, na anayemchunguza ni Mamlaka ya Milango. Vigae vipya vinawekwa wiki ijayo na Kihonda nzima itaandikwa upya, hatua saba saba. Sote isipokuwa sisi wawili. Mwendo wa Zamda anao yule mtu, na wangu anao. Siku yoyote nitakayoandikwa, mahali popote, nitakuwa nimemchongea ufunguo.

Kwa hiyo sasa, nikiwa na miaka sabini na moja, ninajifunza kutembea. Zamda anakaa kwangu, na kila mchana tunasukuma meza pembeni, tunatafuta mwendo ambao hatujawahi kuwa nao, mimi wangu na yeye wake. Nyonga inalia. Kila nikitua mguu wa kushoto naye ananiambia, "Bibi, pumua," na mimi nasahau, nashikilia, naanza tena kutoka ukutani.

Mlango tunaufunga kwa kiti. Asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kuosha uso, nakwenda kutazama kandambili zangu pale kizingitini. Moja huku, nyingine kule. Zikiwa bado zimegombana, nachemsha maji.